Sijui kuchora hata paka: je, naweza kusimamia katuni za watoto?

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa darasa la pili hapa Morogoro. Jioni huandika michezo mifupi ya redio ya watoto, na miwili imewahi kurushwa. Juzi nimeona tangazo la kampuni ya vipindi vya watoto inayotafuta msimamizi wa ubunifu wa katuni. Sijui kuchora hata paka. Hii ni kazi gani hasa, na watu huifikiaje? Ni kazi ya kudumu au ya msimu? Halafu nina hadithi yangu ya msichana na mbuzi ambayo natamani siku moja iwe katuni. Nikipata kazi hiyo, si ndiyo itakuwa njia ya mkato?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Nianze na hilo la paka, maana ndilo linalowarudisha wengi nyuma na ndilo dogo kuliko yote. Margaret Loesch, ambaye katika miaka ya 1990 alikuwa miongoni mwa watu wachache walioamua watoto wa Marekani watazame nini, aliingia kwenye televisheni mwaka 1971 kama karani mpiga chapa katika idara ya filamu ya ABC. Geraldine Laybourne, aliyeipa chaneli ya watoto ya Nickelodeon sura inayojulikana nayo, alikuwa mwalimu kama wewe. Fred Seibert, ambaye nitamrudia, alitokea kwenye kurekodi muziki wa jazi. Hakuna kati yao aliyeajiriwa kwa sababu ya kuchora.

Sasa kazi yenyewe. Katika kila katuni kuna watu wanaoitengeneza: mwandishi, mwongozaji, wachoraji, waigizaji wa sauti. Halafu upande wa mwenye fedha, iwe chaneli au studio, anakaa mtu ambaye kazi yake ni kuchagua hadithi gani itengenezwe, kisha kuisindikiza mpaka ifike hewani ikiwa bado ni ile iliyochaguliwa. Huyo ndiye msimamizi wa ubunifu. Haandiki skripti, haongozi, hachori. Anasoma, anauliza, anaandika maoni, anakubali au anakataa. Kipindi kikipendwa, sifa zinakwenda kwa waliokitengeneza, na ndivyo inavyopaswa. Kikianguka, bosi atamwita yeye.

Mfululizo wa watoto mara nyingi huagizwa vipindi 52 vya dakika 11. Kwa hiyo siku moja ya kawaida asubuhi utasoma wazo la ukurasa mmoja la kipindi cha 30, mchana rasimu ya pili ya kipindi cha 21, ambayo ni kurasa 15 hadi 18, na jioni utatazama animatiki ya kipindi cha 14, yaani michoro ya mistari mitupu iliyopangwa juu ya sauti zilizokwisha kurekodiwa. Vyote vinakungoja wewe, na kila kimoja kina watu ambao hawawezi kuendelea bila jibu lako. Kasoro ukiiona kwenye lile wazo la ukurasa mmoja, kuirekebisha ni mazungumzo ya nusu saa. Ukiiona kwenye animatiki, mchoraji wa stori-bodi, yaani ile michoro ya mfuatano wa matukio, anarudi mezani siku kadhaa. Ukiiona baada ya picha kuhuishwa, yaani kutiwa mwendo, hapo umeshachelewa. Utaikata, au utaifunika kwa sentensi mpya ya sauti na kuomba Mungu mtoto asigundue. Msimamizi mzuri unamjua kwa jinsi anavyosumbua sana mwanzoni na kunyamaza mwishoni. Walio wabaya hufanya kinyume chake.

Nikuonyeshe kwa karibu, na nimtumie mbuzi wako, ingawa habari hii ninaitunga mimi. Tuseme skripti imekuja hivi: ukurasa wa 6, mbuzi anakula ncha ya khanga ya bibi iliyoanikwa, msichana anaificha chini ya godoro. Ukurasa wa 9, bibi anaanza kuitafuta. Ukurasa wa 14, mjomba anarudi kutoka mjini na khanga mpya, wote wanacheka, mwisho. Ukiisoma unahisi kuna kitu kimepwaya. Msimamizi mvivu ataandika: “Mwisho haunigusi, ongezeni vichekesho.” Mwandishi atakesha akiongeza vichekesho na mwisho utabaki vilevile. Msimamizi anayejiona mwandishi ataandika mwisho wake mwenyewe, na maneno atakayosema msichana, neno kwa neno. Huyo ni mbaya zaidi, kwa sababu kuanzia hapo mwandishi ataacha kufikiri na kuanza kumtumikia.

Maoni yenye faida ni kama haya: “Kuanzia ukurasa wa 6 mtazamaji anasubiri kuona msichana atajitoaje. Ukurasa wa 14 anayemaliza tatizo ni mjomba. Je, kuna jambo moja ambalo msichana anaweza kulifanya mwenyewe kabla mjomba hajafika?” Umetaja mahali, umesema mtoto anayetazama anahisi nini pale, umeuliza swali ambalo jibu lake hulijui. Mwandishi mzuri atakuletea jibu ambalo usingelibuni.

Kisha kuna umri. Kama kipindi ni cha watoto wa miaka 4, mbuzi na khanga iliyochanika lazima waonekane kwenye picha moja, la sivyo mtoto hataunganisha chanzo na matokeo. Wa miaka 8 utamwonyesha uzi mmoja tu kwenye ndevu za mbuzi, naye atafurahi kwa kujua kabla ya bibi. Na kuna vitendo ambavyo mtoto anaweza kuviiga akiwa peke yake nyumbani. Shujaa anayeruka juu ya mawingu hawatii watu wa chaneli hofu kama mtoto anayejifungia kwenye jokofu, anayecheza na kiberiti, au anayevuka mto peke yake. Ukiacha mbuzi avushwe mto Ngerengere na msichana wa miaka 5 bila mtu mzima, utarudishiwa skripti.

Kazi nyingine ambayo haitajwi kwenye matangazo ni kuchuja. Skripti moja inaweza kurudi na maoni ya chaneli, ya studio mshirika wa nchi nyingine, ya mshauri wa elimu na ya mwenye fedha, na nusu yake yanapingana. Mmoja anataka bibi awe mkali, mwingine anataka awe mpole. Msimamizi akimpelekea mwandishi rundo lote kama lilivyo, hajafanya kazi, amekuwa tarishi. Anatakiwa akae na kila mmoja, ajue kilichomkera hasa, kisha atoe karatasi moja yenye mambo matano ambayo mwandishi anaweza kuyafanya yote bila skripti kupasuka. Wewe umekaa vikao vya wazazi, mwalimu mkuu na mkaguzi siku moja. Sidhani kama nina la kukufundisha hapo.

Sasa njia ya watu kufika. Nitakaa kidogo kwa Loesch, kwa sababu safari yake inaonyesha kitu ambacho orodha ya sifa za mwombaji haitakuonyesha.

Kutoka kupiga chapa ABC alihamia NBC kwenye vipindi vya watoto, kisha mwaka 1979 akaenda Hanna-Barbera, studio iliyotoa The Smurfs mwaka 1981 akiwa miongoni mwa viongozi wake. Mwaka 1984 akawa mkuu wa Marvel Productions. Huko walitengeneza Muppet Babies, na pia katuni zilizozaliwa kutokana na vinyago vya kuchezea vya Hasbro: Transformers, My Little Pony. Lakini vitabu vya picha vya Marvel vyenyewe, vile vya mashujaa, hakuna chaneli kubwa iliyovitaka kwa namna alivyoviona yeye. Alihangaika na mojawapo, X-Men. Mwaka 1989 walitengeneza kipindi cha majaribio, kikarushwa, hakikuzaa mfululizo. Katika miaka hiyohiyo Stan Lee, mwandishi maarufu wa Marvel, alimwonyesha vipindi vya Kijapani vya vijana wenye mavazi ya rangi wanaopigana na madude makubwa. Alijaribu kuviuza navyo. Chaneli zikakataa.

Mwaka 1990 Fox ilimwita aanzishe huduma yao ya watoto, Fox Kids. Hapo ndipo yule aliyekuwa akibisha hodi alipokabidhiwa funguo. Aliiagiza X-Men, nayo ikaonekana kwa mara ya kwanza tarehe 31 Oktoba 1992, wiki chache baada ya Batman: The Animated Series kuanza kwenye chaneli hiyohiyo. Mtayarishaji Haim Saban alipomletea vipindi vya Kijapani vya aina ileile, ambavyo naye alikuwa amekataliwa navyo miaka mingi, Loesch alikuwa hahitaji kuelezwa. Power Rangers ilianza Agosti 1993: picha za mapigano zilitoka Japani, za vijana shuleni zikapigwa Marekani. Wengi waliomzunguka hawakuipenda. Watoto waliipenda kiasi kwamba Krismasi ya mwaka ule vinyago vyake viliadimika madukani.

Watu husimulia habari hii kama bahati, au kama jicho la kuona mbali. Mimi naisoma tofauti. Zile hadithi mbili alikuwa amezibeba kutoka kiti kimoja hadi kingine, zikiwa zimekataliwa, kwa miaka, na alipopata kiti chenye uwezo wa kusema ndiyo alikuwa anajua tayari ni kwa nini zilikataliwa na yeye anabisha nini. Mali ya msimamizi wa ubunifu ni ule mkoba wa vitu alivyoviamini kabla wengine hawajaviamini, pamoja na watu waliovitengeneza. Kampuni zenyewe hubadilika majina.

Ndiyo yake haikuishia kwenye saini. Vipindi vya mwanzo vya X-Men viliporudi kutoka kwa wahuishaji Korea Kusini vilikuwa na makosa mengi, muda umekwisha, na ilibidi virushwe hivyohivyo huku marekebisho yakiendelea. Kundi la waandishi, likiongozwa na Eric Lewald, lilitaka pia mmoja wa mashujaa auawe mwanzoni kabisa mwa mfululizo, jambo ambalo katuni za Jumamosi asubuhi hazikuwa zikilifanya. Fox waliruhusu. Mara nyingi ujasiri wa msimamizi hauonekani kwenye kuchagua, unaonekana siku ile mtu wa sheria anapouliza “una uhakika?” na wewe huna uhakika.

Njia ya Seibert ni nyingine, na kwa mwalimu nadhani ina mafunzo zaidi. Alipochukua uongozi wa Hanna-Barbera mwaka 1992, badala ya kubahatisha fedha zote kwenye mfululizo mmoja au miwili, aliagiza katuni fupi 48, kila moja dakika 7 hivi, kila moja ikiwa wazo la mtu mmoja aliyelichora na kuliongoza mwenyewe. Zilianza kuonyeshwa mwaka 1995 kwa jina la What a Cartoon! Nyingi hazikwenda popote. Lakini humo ndimo zilimotoka Dexter's Laboratory, Johnny Bravo, Cow and Chicken, The Powerpuff Girls na Courage the Cowardly Dog, na chaneli ya Cartoon Network ikaishi kwa hizo miaka mingi. Baadaye, kwenye kampuni yake mwenyewe, alifanya vilevile na Nickelodeon. Moja ya katuni fupi za mkupuo ule, Adventure Time, Nickelodeon hawakuitaka iwe mfululizo. Ikahamia Cartoon Network mwaka 2010 na kuendelea hadi 2018.

Seibert hakujifanya anajua kabla. Alinunua majaribio mengi madogo, akawaacha wachoraji waonyeshe, kisha akatazama watoto wanarudia kutazama kipi. Nakushauri uanze hivyohivyo kwa kiwango chako, na wewe una kitu ambacho wengi walioko kwenye ofisi zenye viyoyozi hawana: darasa zima la watazamaji.

Kuna mbinu ya zamani ya kuwapima. Sesame Street ilipokuwa ikiandaliwa, kabla ya kwenda hewani Novemba 1969, mtafiti wao Edward Palmer aliweka televisheni, na pembeni yake projekta ya slaidi iliyobadilisha picha kila baada ya sekunde chache. Kisha akakaa akiandika ni sekunde gani macho ya mtoto yanahama kutoka kwenye kipindi kwenda kwenye slaidi. Sehemu zilizopoteza macho zikatengenezwa upya. Wewe huhitaji projekta. Kelele za darasa la tatu nje ya dirisha zinatosha. Wasomee mchezo wako, na mwenzako akae nyuma aweke alama kwenye skripti kila wanapogeuka. Kesho yake waombe wausimulie. Usiwaulize kama wameupenda, maana watoto wetu wamelelewa kumjibu mkubwa “ndiyo mwalimu”, na jibu hilo halina kazi.

Suala la fedha sitalirefusha, ila usipolijua utashangaa maoni mengine yanatoka wapi. Marekani, mwaka 1984 mamlaka ya mawasiliano ilipolegeza masharti ya matangazo kwa watoto, katuni za vinyago zilifurika, na ndiyo sababu Marvel Productions ya Loesch ilikuwa na kazi nyingi. Sheria ya televisheni ya watoto ikaja 1990, na kanuni za 1996 zikavitaka vituo vitoe saa tatu za vipindi vya elimu kwa wiki. Kila mabadiliko ya aina hiyo yaliwafuta kazi wasimamizi fulani na kuwaajiri wengine. Kwetu mwuza vinyago hayupo sana. Fedha nyingi za vipindi vya watoto Afrika Mashariki hutoka kwa wafadhili na miradi ya elimu, kwa hiyo anayekaa mwisho wa meza akikunja uso ni mshauri wa mitaala. Sisemi ni mbaya. Mimi naona ni nafuu kuliko mwuza vinyago. Lakini hatari yake ni hadithi inayofundisha mpaka inasahau kuchekesha, na msimamizi ndiye wa kupigania kicheko.

Ubongo, shirika lisilo la faida lenye makao Dar es Salaam, walianza kurusha Ubongo Kids TBC Januari 2014, wakifundisha hisabati kwa nyimbo, kisha ikaja Akili and Me, ya binti wa miaka 4 anayeishi chini ya Kilimanjaro. Ukitaka kuona mshauri wa mitaala na mcheshi wakikaa meza moja bila kuuana, tazama vipindi vyao na kalamu mkononi. Sikiliza ni wapi somo linaingia: mara nyingi huja kwa kuwa mhusika analihitaji ili ajinasue.

Kenya walipata shule ya namna nyingine. Claudia Lloyd, aliyeongoza upande wa katuni katika studio ya Tiger Aspect ya London, alikuwa tayari ametengeneza Charlie and Lola alipoanzisha Tinga Tinga Tales, yenye sura ya michoro ya Tingatinga, ile iliyoasisiwa na Edward Saidi Tingatinga hapa Dar es Salaam. Vipindi 52 vya dakika 11 vilihuishwa Nairobi, kwenye studio ya Homeboyz, na CBeebies, chaneli ya watoto ya BBC, wakaanza kuvionyesha mwaka 2010. Vijana wengi wa Nairobi walijifunza kazi pale. Ila angalia nani alijifunza nini. Waliojifunza ni wahuishaji, wachoraji, wanamuziki. Kiti cha kuchagua hadithi na kuandika maoni kilikuwa London.

Ndiyo hali hadi sasa, kwa maoni yangu. Kizazi Moto, mkusanyiko wa filamu fupi 10 uliotoka Disney+ Julai 2023, ulikuwa na Ng'endo Mukii wa Kenya na Raymond Malinga wa Uganda kati ya waongozaji, na usimamizi wa studio ulikuwa Triggerfish, Afrika Kusini. Mzambia Malenga Mulendema alishinda shindano la hadithi la Triggerfish mwaka 2015. Mfululizo wake wa Supa Team 4 ukatoka Netflix 2023. Miaka minane! Katika miaka hiyo mtu fulani ofisini ilibidi aendelee kuuamini, robo mwaka baada ya robo mwaka, kila bajeti ilipopitiwa upya. Wachoraji tunao, na wanaongezeka. Tunaokosa ni watu wa kukaa kwenye kiti kile wakijua kwa nini mtoto wa Kilosa anacheka pale ambapo wa Leeds, Uingereza, hacheki. Kwa hiyo tangazo uliloliona, hata kama hulipati, ni habari njema.

Uliuliza kama ni ya kudumu. Hapana, si kwa maana ya ajira ya serikali uliyonayo sasa. Loesch aliondoka Fox Kids mwaka 1997. Miaka minne baadaye Disney ikanunua biashara yote pamoja na chaneli yake ya familia. Yeye alipitia kampuni ya Jim Henson na chaneli ya Odyssey, na mwaka 2009 akaitwa kujenga The Hub, ya Discovery na Hasbro, iliyoingia hewani Oktoba 2010 na My Little Pony mpya ya Lauren Faust, farasi walewale aliokuwa nao Marvel miaka ya 1980. Mwaka 2014 chaneli ikabadilishwa jina naye akaondoka. Hiyo ndiyo picha ya mtu aliyefanikiwa kuliko karibu wote. Kwa wengine ni mikataba ya mwaka au miwili, na mwaka 2022 Netflix walipopunguza katuni, waliofukuzwa ni pamoja na waliokuwa wameajiriwa muda mfupi tu uliotangulia kwa shangwe. Usiache ualimu kwa ahadi ya mdomo. Kama mwajiri wako anaruhusu likizo bila malipo, anzia hapo.

Kabla ya kuomba, fanya mambo mawili. La kwanza, jizoeze ripoti ya usomaji. Chukua skripti au hata kitabu cha hadithi cha watoto, kisha kwenye ukurasa mmoja tu eleza: mtoto mkuu ni nani, anataka nini, nini kinamzuia, wapi utacheka, ni ya umri gani, na mwisho useme ungeitengeneza au la, bila kujificha. Neno “labda” lisiwemo. Ukiwa na ripoti kumi nzuri, ziambatishe kwenye barua ya maombi. Zitasema zaidi kuliko cheti. La pili, jifunze lugha ya wachoraji japo hutachora. Triggerfish wana masomo ya bure mtandaoni yanayoeleza hatua za katuni kutoka skripti hadi picha ya mwisho. Ujue kwa nini umati sokoni ni ghali na chumba chenye watu wawili ni rahisi, kwa nini maji na nywele ndefu huwatoa watu jasho. Ukimwomba mhuishaji “ongeza mvua hapo” bila kujua bei yake, ataitikia kwa adabu na hatakuamini tena.

Wakikwambia huna uzoefu wa usimamizi, waulize kama wanahitaji mratibu wa skripti. Kazi hiyo inachosha: kuhakikisha kila mtu anasoma rasimu ileile, kukusanya maoni, kufuta majina ya zamani ya wahusika. Lakini maoni ya kila mtu hupita mikononi mwako, mazuri na ya kipumbavu, na miezi michache ya kuyasoma hayo ni darasa ambalo chuo hakina.

Kwenye usaili usiogope kuuliza. Nani mwenye ndiyo ya mwisho, wewe au mtu ambaye hutamwona? Mfululizo umeshapata fedha au bado zinatafutwa? Na mkataba unasema nini juu ya kazi unazoandika nje ya saa za kazi?

Hilo la mwisho ndilo linalomhusu mbuzi wako, na hapa nitakukatisha tamaa kidogo: ajira hii si njia ya mkato. Anayechagua hadithi za wengine akianza kusukuma ya kwake, waandishi wanaacha kumletea zao, na wana haki. Tena mikataba mingi ya studio huchukua kila unachobuni ukiwa mwajiriwa wao. Kwa hiyo kabla hujasaini popote, andika hadithi ya msichana na mbuzi yote, hata kama haijapendeza, ipeleke COSOTA, ofisi ya hakimiliki, uisajili kwa jina lako, na uombe mkataba uwe na kiambatisho kinachoorodhesha kazi ulizokuja nazo, mbuzi akiwa wa kwanza. Wakikataa kiambatisho, tafuta wakili aupitie mkataba wote kabla hujaendelea.

Na hukusema kama mbuzi ni mmoja wa ile michezo miwili iliyokwisha kurushwa. Kama ndiye, leo hii tafuta ile karatasi uliyosaini redioni na usome umewapa nini: ruhusa ya kurusha tu, au hadithi nzima.